Imamu Ghazali: Mwalimu wa Walimu Aliyehitaji wa Kumwongoza

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, katika makala hii tumekusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali (Allah amrehemu). Wengi wetu tumelisikia jina lake katika darsa, na zipo nyumba ambazo vitabu vyake vimo kabatini. Tumemchagua yeye kwa sababu ya swali tunaloulizwa na wazazi, na zaidi na vijana wetu waliokwisha hitimu: Je, mtu akishakuwa mkubwa, ana kazi yake, ana familia yake, na anajua kusoma kitabu mwenyewe, bado anahitaji mtu wa kumwongoza? Au kulelewa ni kwa watoto tu?

Wapo wanaosema kuwa mtoto hupelekwa chuoni kwa kuwa hajui, basi aliyekwisha kujua anamhitaji nani? Maisha ya Imamu Ghazali yanalijibu swali hili vizuri. Yeye alijua kuliko karibu wanavyuoni wote wa zama zake, na hata hivyo ilifika siku elimu yake ikashindwa kumwondolea uzito uliokuwa moyoni mwake.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058 Miladia, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo sehemu yake hiyo leo imo Iran. Baba yake alikuwa masikini, akisokota sufi na kuiuza katika duka lake. Hakuwa msomi, lakini alipenda kukaa na wanavyuoni na kuwatumikia, na akimuomba Allah ampe watoto watakaokuwa na elimu.

Baba alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi watoto wake wawili, Muhammad na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu. Alimuusia awasomeshe, hata kama akiba ndogo aliyoiacha itakwisha. Yule rafiki alitekeleza amana ile. Akiba ilipomalizika, na yeye mwenyewe akiwa fakiri, aliwaambia vijana wale ukweli kuwa hana tena cha kuwapa, akawashauri wajiunge na madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Imamu Ghazali akikumbuka jambo hilo ukubwani, alikuwa akikiri kuwa walianza kusoma si kwa ajili ya Allah, lakini elimu yenyewe ilikataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Allah.

Tuzingatie hapa. Imamu mkubwa wa Uislamu alipatikana kwa sababu baba asiye msomi alijua kuchagua mtu wa kumwachia wanawe.

KUTAFUTA ELIMU

Alisoma fiqhi kwanza hapo Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Inasimuliwa kuwa wakati wa kurudi, wanyang'anyi waliuvamia msafara wao na kuchukua kila kitu, pamoja na mkoba wa madaftari aliyoandika darsa zake. Kijana Ghazali aliwafuata akiwasihi wamrudishie madaftari yale tu, kwa kuwa ndiyo elimu aliyoihangaikia. Mkuu wa wanyang'anyi alimcheka. Akamshangaa vipi anadai kuwa na elimu hali wao wameichukua mara moja na kumwacha mtupu. Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali aliyachukulia maneno yale kuwa ni Allah aliyemsemesha mtu yule ili amzindue. Alipofika kwao alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamu Juwayni, aliyejulikana kwa lakabu ya Imamul Haramayn kwa kuwa aliwahi kufundisha Makka na Madina. Kwake alisoma fiqhi, usuli, mantiki na elimu ya hoja mpaka akawa miongoni mwa wanafunzi wake bora. Katika zama hizo pia alipata suhuba ya Sheikh Abu Ali Al-Farmadhi, mwanafunzi wa Imamu Qushayri, aliyekuwa mashuhuri kwa malezi ya nyoyo. Huyo ndiye aliyemfungulia mlango wa kuihesabu nafsi yake na kudumu katika adhkari.

Lakini Sheikh Farmadhi alifariki mwaka 477 Hijria (1084), na Imamu Juwayni akafuatia mwaka 478 (1085). Kwa muda usiozidi miaka miwili hivi, kijana huyu wa miaka 27 alipoteza aliyemlea akili na aliyemlea moyo. Elimu alikuwa nayo. Aliyekuwa akimtazama na kumwambia hapa umekosea hakuwepo tena.

CHEO CHA BAGHDAD

Baada ya msiba huo alikwenda kwa Nizamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Saljuki, ambaye baraza lake lilikusanya wanavyuoni. Huko alijadiliana na wakubwa akawashinda. Mwaka 484 Hijria (1091), akiwa na umri wa miaka 33, waziri alimteua kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067. Hicho kilikuwa cheo kikubwa mno cha elimu katika zama zile. Wanafunzi 300 walikuwa wakihudhuria darsa zake. Mawaziri na viongozi walimtaka ushauri, na hata baraza la Khalifa lilimheshimu.

Ni katika miaka hiyo alipoandikiana hoja na kundi la Batiniyya, na mjadala wao unahusu hasa swali letu. Batiniyya walisema kuwa akili za watu hutofautiana, kwa hiyo kila mtu anahitaji mwalimu, na mwalimu huyo lazima awe imamu aliyehifadhiwa na makosa, afuatwe bila kuulizwa. Khalifa Al-Mustadh-hir alimtaka Imamu Ghazali awajibu, naye akaandika kitabu kwa ajili hiyo. Tunapoisoma hoja yake tunaona uadilifu wa hali ya juu. Hakukataa kuwa watu wanahitaji mwalimu. Hilo alilikubali. Alichokisema ni kuwa mwalimu wetu aliyehifadhiwa na makosa anajulikana, naye ni Mtume Muhammad (S.A.W.). Wengine wote wanaofundisha baada yake hufundisha kutoka kwake, na yeyote kati yao huweza kupata na huweza kukosea.

Kwa hiyo msimamo wake uko katikati. Si wa anayesema sihitaji mtu, wala si wa anayemkabidhi binadamu mwenzake akili yake na dini yake akafumba macho.

MIEZI SITA MIZITO

Mwaka 485 (1092) Nizamul Mulk aliuawa, na wiki chache baadaye Sultani Malik Shah naye akafariki. Dola ikaingia katika fitina. Imamu Ghazali alibaki na cheo chake, lakini ndani ya nafsi yake mambo hayakuwa shwari. Alisoma vitabu vya watu wa zuhudi, kama vile vya Al-Muhasibi na Abu Talib Al-Makki, mpaka akayajua waliyoyasema. Hapo ndipo alipogundua kuwa kujua maana ya afya ni jambo moja, na kuwa na afya ni jambo jingine. Kilichobaki hakipatikani kwa kusoma wala kusikiliza. Kinapatikana kwa kuishi hali yenyewe.

Akaanza kujihesabu. Aliiangalia kazi yake bora, yaani kufundisha, akaona nia yake haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma kilikuwa cheo na kutajwa na watu. Kuanzia mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095), kwa karibu miezi sita, alikuwa akivutwa huku na huku. Siku moja huazimia kuondoka Baghdad, siku ya pili huivunja azma hiyo. Hatimaye ulimi wake ulifungika. Alijitahidi afundishe japo siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi wake, asiweze kutamka neno. Huzuni ikaingia moyoni, hamu ya chakula ikaondoka, ikawa hata maji hayapiti vizuri kooni. Matabibu walikata tamaa. Walisema kuwa maradhi haya yametoka moyoni na kuingia mwilini, na hayana dawa mpaka moyo wenyewe utulie.

Wasomaji wetu watafakari hali hii. Mji mzima ulikuwa ukimwendea mtu huyu kwa fatwa na ushauri. Walimu wake wawili walikuwa makaburini, na waliomzunguka walikuwa wanafunzi wa kumsifu, wapinzani wa kujadiliana naye na wakubwa wa kumtumia. Ndiyo maana wazee wetu walisema kinyozi hajinyoi.

Alimwelekea Allah kwa unyonge, kama anavyomwelekea aliyedhikika asiye na hila. Allah akamfanyia wepesi kuuacha ule utukufu. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, na nafasi yake ya kufundisha ikashikwa na mdogo wake Ahmad. Mwezi wa Dhul Qaada mwaka huo huo aliondoka Baghdad akiwa na umri wa miaka 37.

SAFARI YA KUITENGENEZA NAFSI

Alikwenda Sham, akakaa Damascus akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu kwa ibada. Kisha akaenda Baytul Maqdis, na akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) katika mji wa Al-Khalil. Hapo aliweka ahadi ya mambo matatu: hatakwenda kwenye milango ya masultani, hatapokea mali yao, na hatajadiliana na mtu kwa lengo la kushindana. Baada ya hapo alikwenda kuhiji na kumzuru Mtume (S.A.W.) Madina. Mapenzi ya watoto wake na maombi yao yalimrudisha nyumbani, lakini aliendelea kupenda faragha kadiri shughuli za maisha zilivyomruhusu.

Katika kipindi hiki ndipo alipoandika Ihyau Ulumid Din, kitabu chenye mafungu manne na vitabu arubaini ndani yake, kuanzia elimu na ibada mpaka kukumbuka mauti. Katika fungu la tatu ameeleza jambo ambalo kila mtu mzima anapaswa kulijua: vipi mtu atazijua aibu za nafsi yake. Ametaja njia nne.

Ya kwanza ni kukaa mbele ya sheikh mwenye kuona aibu za nafsi, akamfanya kuwa hakimu juu ya nafsi yake na kufuata maelekezo yake. Ya pili ni kutafuta rafiki mkweli, mwenye dini na busara, akamweka kuwa mlinzi wa kumwangalia mwenendo wake na kumzindua. Hapa anakumbusha kuwa Sayyidna Umar (r.a.), pamoja na ukubwa wake, alikuwa akimuuliza Salman (r.a.) kuhusu aibu zake, na akimuuliza Hudhayfa (r.a.) kama anaona kwake dalili yoyote ya unafiki. Ya tatu ni kunufaika na ndimi za maadui, kwa sababu adui hutaja aibu ambazo rafiki mwenye kubembeleza huzificha. Ya nne ni kuchanganyika na watu, na kila analoliona baya kwa mwenzake ajitazame kama nalo analo.

Anafafanua pia kwa mfano wa nge. Mtu akikwambia kuna nge ndani ya nguo yako, utamshukuru na utafanya haraka kumtoa nge yule. Tabia mbaya ni nge walio wakubwa zaidi, na madhara yake hufika mpaka akhera. Vipi basi tunamchukia anayetuonesha?

ALIPOULIZA KABLA YA KUAMUA

Mwaka 499 Hijria (1106), waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nizamul Mulk, alimtaka Imamu Ghazali arudi kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur. Alikuwa na umri wa miaka 48, Ihya imekwisha andikwa, na miaka kumi na moja imepita tangu aondoke Baghdad. Mtu kama huyu angeweza kuamua peke yake.

Hakufanya hivyo. Aliogopa asije akadanganywa na nafsi, ikamfanya abaki katika faragha kwa uvivu na kupenda raha, au ikamfanya atoke kwa kutamani tena sifa. Kwa hiyo aliwataka ushauri watu kadhaa wenye nyoyo safi. Wote walikubaliana kuwa atoke, kwani watu wanamhitaji. Ndipo akatoka. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa japo alirudi kwenye kufundisha, kwa hakika hakurudi kule alikotoka. Zamani alifundisha elimu inayoleta cheo, na sasa alifundisha elimu inayomfanya mtu akiache cheo.

Hapa ndipo tofauti ya Ghazali wa miaka 33 na Ghazali wa miaka 48 inapoonekana. Wa kwanza alipewa cheo akakipokea. Wa pili alipewa cheo akauliza kwanza.

BARUA KWA MWANAFUNZI

Katika miaka yake ya mwisho, mwanafunzi wake mmoja aliyemtumikia muda mrefu na kusoma elimu nyingi alimwandikia. Alitaka kujua katika yote aliyoyasoma ni lipi litakalomfaa kesho kaburini. Tunaona kuwa muulizaji hakuwa mtoto. Imamu alimjibu kwa barua ambayo imekuwa kitabu mashuhuri kwa jina la Ayyuhal Walad, na ndani yake anamwita mwanangu.

Katika barua hiyo anasema kuwa mwenye kuifuata njia ya Allah anahitaji sheikh mwongozaji wa kumtoa tabia mbaya na kumtia nzuri. Anamfananisha mlezi huyo na mkulima anayeng'oa miiba na magugu katika shamba ili mimea istawi. Kisha anaeleza sifa zake, kwa kuwa si kila mwanachuoni anafaa kazi hiyo. Awe ameipa mgongo tamaa ya dunia na cheo. Awe mwenyewe amelelewa na mtu mwenye maarifa, katika mfululizo unaofika kwa Mtume (S.A.W.). Awe ameizoesha nafsi yake kula kidogo, kusema kidogo na kulala kidogo, na kuzidisha sala, sadaka na saumu. Tena awe na subira, shukrani, ukarimu, upole na tawadhui. Na anakiri kuwa mtu wa namna hiyo ni adimu kupatikana.

KUFARIKI KWAKE

Imamu Ghazali alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa wafanya ibada. Alipoitwa tena kushika cheo chake cha zamani Baghdad, alikataa. Siku zake za mwisho, mtu aliyekuwa bingwa wa hoja alishughulika na kusoma Hadithi za Mtume (S.A.W.), akikaa kama mwanafunzi mbele ya wajuzi wa elimu hiyo.

Alifariki siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal Ukhra mwaka 505 Hijria (Desemba 1111). Mdogo wake Ahmad amesimulia kuwa alitawadha alfajiri akasali, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni kwa utiifu. Kisha akanyoosha miguu kuelekea Kibla, akafariki kabla jua halijachomoza.

MAZINGATIO

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna uhusiano wa karibu na Imamu huyu, kwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kitabu chake cha fiqhi, Al-Wajiz, kilisherehesha na Imamu Rafii na kuwa miongoni mwa nguzo za vitabu vya madhehebu haya. Hata adabu yake ya kuwa na sheikh ukubwani imeishi katika visiwa vyetu. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alimfanya Sayyid Ahmad bin Sumait kuwa sheikh wake hali walikuwa karibu rika moja. Wote wawili walifariki Unguja mwaka 1925, kila mmoja akiwa ameacha wanafunzi wengi.

Basi jibu letu kwa vijana wetu ni hili. Mtu mzima anahitaji wa kumwongoza. Haimaanishi kuwa hajui kitu. Jicho huona kila kitu ila halijioni lenyewe. Kadiri mtu anavyopanda cheo kazini, msikitini au nyumbani, ndivyo wanaothubutu kumwambia ukweli wanavyopungua. Nabii Musa (a.s.) alikuwa Mtume, na bado Suratul Kahf inatueleza safari yake ya kumfuata Khidhr (a.s.) ili ajifunze.

Siku hizi mtu akiwa na simu mkononi husikiliza mawaidha ya masheikh wa dunia nzima. Hilo ni jema. Lakini sauti iliyomo katika simu haikuoni. Haijui kuwa jana ulimpigia kelele mama yako, wala kuwa umekopa hujalipa, wala kuwa wiki ya tatu hii hujaonekana msikitini sala ya Alfajiri. Anayelijua hilo ni sheikh anayekufahamu kwa jina, au rafiki mkweli unayesali naye safu moja.

Wazazi nao tunawakumbusha kuwa mtoto anayemwona baba yake akikaa darsani, au mama yake akimwendea ustadhati kuuliza, hujifunza kuwa kuuliza si aibu. Anayeona wazazi wake hawaambiliki, hungoja kwa hamu siku atakayokua ili naye asiambiwe.

Asiyempata sheikh mwenye sifa zile, na asishike kila anayejiita sheikh, hasa anayetaka atiiwe bila kuulizwa au anayetamani mali ya wanaomfuata. Amchague ndugu mmoja mwema, ampe ruhusa kwa ulimi wake amkosoe, na siku akikosolewa asikasirike. Na nyinyi mnaohitimu mwaka huu, msiondoke hapa na cheti peke yake. Kila mmoja aondoke akijua jina la mtu atakayemwendea atakapokwama.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imamu Ghazali na walimu wake na walimu wetu wote, atupe wa kutuonesha aibu zetu, na atupe vifua vya kuwapokea. Amin.

Wabillahi Tawfiq.